Shangazi, mbwa wananilipa kuliko vitumbua

Shangazi shikamoo,

Mimi ni msomaji wako wa hapa hapa Tanga, Makorora. Nina miaka 36, watoto wawili, baba yao simzungumzii leo. Naishi nyumba ya familia pamoja na mama na mpwa wangu wa kiume, mtoto wa marehemu dada yangu, ana miaka 22 na hajapata kazi.

Riziki yangu ni vitumbua. Mchele naloweka jioni, saa tisa usiku niko macho, saa kumi na moja chuma kiko motoni. Kufika saa moja na nusu wanafunzi, madereva wa bajaji na akina mama wanaokwenda sokoni wameshanimaliza. Nauza 200 kimoja. Siku nzuri natoa vitumbua 100 na mfukoni nabaki na 8,000, pengine 9,000 nazi ikiwa rahisi.

Mwezi wa nne mteja wangu mmoja, mwalimu wa kigeni anayekaa Raskazone, aliniomba nimkalie na mbwa wake wiki tatu, yeye anasafiri kwao. Alisema 10,000 kwa siku na chakula analeta mwenyewe. Shangazi, nilihesabu pale pale kwa vidole: 210,000 kwa mbwa kulala chini ya mwembe wetu! Nikakubali kabla sijamuuliza mama.

Mbwa anaitwa Rocky, mzee, mpole, hana makuu. Mpwa wangu ndiye aliyempenda. Alimwogesha, alitembea naye alfajiri, mpaka akamfundisha kukaa kwa Kiswahili. Tabu yake ilikuwa moja: ikiadhiniwa alfajiri na yeye anaitikia. Msikiti uko nyumba ya tatu kutoka kwetu.

Mama hakugomba, na hilo ndilo lililoniumiza. Alichukua msala wake akawa anakwenda kuswalia kwa mjomba, mtaa wa pili, na magoti yale mabovu. Alisema neno moja tu, kwamba malaika hawaingii nyumba yenye mbwa.

Kisha siku ya nane jirani alipita akaona Rocky ananilamba mkono getini. Kesho yake nilikuwa na rojo la vitumbua 100, nikauza 40. Siku zilizofuata nikapunguza mchele, nikawa nauza 40 au 50. Rocky ameondoka, wateja wamerudi lakini si wote, na kuna mama mmoja kila asubuhi lazima aulize, "Yule mbwa kashaondoka kweli?"

Sasa mwalimu amenisifia kwa wenzake na wateja wa mbwa wamekuja watatu. Wa kwanza ni familia ya mhandisi wa bomba la mafuta, mbwa wawili, wanasafiri siku ishirini mwezi Desemba. Wa pili ni mzee mstaafu, Mtanzania mwenzetu, kila mwezi anakwenda kliniki Dar siku mbili tatu na ana mbwa mmoja mkubwa wa ulinzi. Huyo mbwa aliwahi kumng'ata kijana wa maziwa. Wa tatu ni kijana ambaye mkataba wake umekwisha, anarudi kwao, anataka aniachie mbwa miezi minne halafu atamtumia nauli ya ndege. Pesa atakuwa anatuma kwa simu kila mwezi.

Nawaza kuzungushia wavu uwanja wa nyuma niwe nalaza mbwa wa watu nyumbani kama biashara. Kaka yangu wa Korogwe amesikia na ameshasema kiwanja ni cha familia, kwa hiyo mapato tugawane.

Shangazi, pesa hii ni haramu? Nitoze kiasi gani? Nianzie wapi, na kibali kinatakiwa? Nishauri kabla sijanunua wavu.

Mpika vitumbua, Makorora

N.B. Rocky alizoea kula kitumbua kimoja kila asubuhi. Nilimdhuru?

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili niliwaruka mbwa wote nikasoma vitumbua tu. Siku ile ya tisa mlango wa nyuma uliingiza 10,000 ya Rocky. Mlango wa mbele ulibaki na vitumbua 60, kila kimoja 200, yaani 12,000, na nadhani watoto walikula vitumbua mpaka usiku. Baadaye ulipunguza mchele, hasara ikapungua, ila na faida nayo ikapungua. Zile 210,000 ulizozihesabu kwa vidole hazikuwa 210,000. Na Rocky ameshaondoka lakini yule mama bado anauliza.

Wavu usinunue.

Usiwaone majirani zako washamba. Huku pwani wengi wetu tumelelewa katika madhehebu ya Shafii, na kwa Shafii ute wa mbwa ni najisi nzito: chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mtu aliyefundishwa hivyo chuoni tangu ana miaka sita, akiona ulimi wa mbwa kwenye mkono unaokoroga rojo lake la asubuhi, hana haja ya kujadiliana na wewe. Anavuka barabara ananunua chapati. Ungekuwa unashona nguo wangekusema wiki mbili wakanyamaza. Wewe unauza kitu kinachoingia mdomoni.

Kuhusu haramu, mimi si sheikh na fatwa sitoi. Nitakwambia ninachokijua, kisha umfuate imamu wa huo msikiti wa nyumba ya tatu, ambaye kwa hali ilivyo mnadaiana mazungumzo. Hadithi ya malaika ipo na ni sahihi, mama hakuizua. Ipo pia ruhusa ya mbwa wa mawindo, wa mifugo na wa shamba. Ipo ile ya mtu aliyeshuka kisimani akajaza kiatu chake maji akamnywesha mbwa mwenye kiu, Mungu akamsamehe. Watu wa Imamu Malik wanasema mbwa aliye hai ni safi, si najisi. Kwa hiyo wanazuoni wenyewe wana kauli zaidi ya moja, na imamu atakueleza kulisha mnyama wa mtu kwa ujira kunakaa wapi, maana wewe huuzi mbwa, unauza kazi yako. Ila la mama halingojei fatwa. Mama wa magoti mabovu asitembee mtaa mzima kutafuta pa kuswalia kwa sababu ya biashara yako, hata ikiwa halali kama maji ya mvua.

Nikupe kisa cha kwetu. Marehemu baba yangu alikuwa mtunza bustani Raskazone, kwa meneja mmoja wa mashamba ya mkonge, enzi mkonge ndio uliokuwa ukilisha mkoa huu. Meneja alikuwa na mbwa watatu, na akisafiri baba ndiye aliyewalisha, akawaogesha, akawatoa kupe. Sisi tulikuwa Ngamiani. Uani kwetu palikuwa na bomba chini ya mwarobaini, na kwenye tawi la mwarobaini kikapu cha ukindu. Baba alikuwa akifika anaegemeza baiskeli, hasemi na mtu, anavua shati la kazi na kaptula analoweka kwenye ndoo yenye alama ya rangi nyekundu, anaoga, anavaa shuka na fulana kutoka kwenye kikapu, ndipo anasema hodi. Ndoo ile nyekundu hakuna aliyeigusa. Ilifanyika hivyo miaka yote aliyofanya kazi pale na sikuwahi kumsikia mama akilalamika kuhusu mbwa. Alilalamika kuhusu mshahara.

Umeona alichofanya mzee? Mbwa hakuwaleta Ngamiani. Yeye ndiye aliyewafuata Raskazone.

Na wewe fanya hivyo hivyo. Mbwa abaki kwao, kwenye banda lake, ukuta wake, harufu anazozijua, na mtu wako aende. Mbwa wengi wanapenda hivyo kuliko kuhamishwa; akitolewa kwao kuna anayegoma kula siku mbili, kuna anayechimba chini ya wavu ili arudi nyumbani, ukamtafute Mabawa mpaka Nguvumali huku mwenyewe yuko angani. Tena kuna ugonjwa unaoitwa parvo, unaoua watoto wa mbwa kwa kuhara damu, na kirusi chake kinaweza kukaa kwenye udongo miezi mingi. Ukikusanya mbwa wa nyumba tano chini ya mwembe mmoja, mmoja akiwa nao, umewapa wote, na wa mwaka ujao pia.

Mtu wako unaye ndani ya nyumba. Huyo mpwa aliyemfundisha mbwa wa kizungu kukaa kwa Kiswahili ana kipaji, na ameketi nyumbani. Mbwa wawe wake, na wewe ushike simu, daftari, funguo na pesa. Mkono wa rojo usiguse mbwa hata kwa kumkuna kichwa, na mkono wa mbwa usiguse rojo. Atafute kikapu chake na ndoo yake. Yule mama akikuuliza kesho, utamjibu kweli tupu kwamba mbwa hayupo na hatakuja.

Njia hii nayo ina mwiba wake, nisikufiche. Nyumba ya mtu ukiwa na funguo, kikipotea kijiko wa kwanza kutajwa ni wewe. Basi siku ya kukabidhiwa mzunguke wote watatu, mwenye nyumba, wewe na kijana, mpige picha vyumba kwa simu, na vyumba visivyohitajika vifungwe na funguo aondoke nazo mwenyewe. Kijana apewe jiko la nje, stoo ya chakula cha mbwa na pa kulala, basi. Mlinzi wa nyumba ajulishwe mbele yake, si kwa ujumbe wa simu. Na kijana asilete rafiki hata mmoja "kuja kuona tu". Hapo ndipo biashara nyingi za namna hii zinapofia.

Sasa wateja wako.

Familia ya mhandisi wachukue, hao ndio wa kuanza nao. Lakini Desemba ni kaskazi, na joto la Tanga unalijua, lile la kushika shati mgongoni saa mbili asubuhi. Mbwa hatoki jasho kama sisi, anapoza mwili kwa kuhema. Matembezi yawe kabla jua halijachomoza vizuri na baada ya magharibi. Kijana aweke kiganja kwenye lami, akishindwa kuhesabu mpaka saba, na nyayo za mbwa zitashindwa. Kama mmoja wao ni wa pua bapa, wale wanaokoroma wakiwa macho, huyo asikimbizwe kabisa. Joto la kawaida la mbwa ni nyuzi 38 hadi 39 na kidogo. Likipita 41 ni hatari ya kufa. Akihema bila kupumzika, ulimi mwekundu sana, anayumba, apelekwe kivulini, amwagiwe maji ya kawaida tumboni na kwenye nyayo, apepewe, na daktari wa mifugo apigiwe wakati huo huo.

Waulize pia wanakowapeleka mbwa wikiendi. Wakisema Pangani na Saadani, andika. Saadani kuna ndorobo, wale nzi wanyonya damu, na ndorobo anampa mbwa ugonjwa wa nagana kama anavyompa ng'ombe. Mji huu una kituo cha utafiti wa ndorobo kwa miaka mingi, hatukukiweka kwa mapambo. Kupe je, ndio usiseme. Kila jioni kijana apitishe vidole ndani ya masikio, kwapani na katikati ya vidole vya miguu. Mbwa aliyeacha kula, ana homa na fizi zimepauka, usimsubirie kesho, maana homa ya kupe inakwenda haraka. Na kama kuna jike, uliza lini mara ya mwisho alikuwa kwenye joto, yaani anataka dume. Huwa takriban kila miezi sita, hudumu kama wiki tatu, na madume ya mtaa mzima yataruka ukuta. Baada ya siku 63 utaitwa ueleze.

Mzee mstaafu nampenda bila kumjua, mteja wa kila mwezi ni bora kuliko wa Desemba. Mbwa wake ndiye anayenitia wasiwasi. Kabla ya neno lolote taka kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa, uione kwa macho, tarehe na mhuri. Mbwa huchanjwa akiwa na miezi mitatu kisha hurudiwa kila mwaka. Kadi ya miaka miwili iliyopita si kadi. Kama mzee hana, asitukanwe. Aende kwa daktari wa mifugo, au ulizia kampeni za chanjo karibu na tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani. Mbwa akishachanjwa, ngoja mwezi mzima ndipo uanze.

Hili la kichaa cha mbwa nitalikazia, wasomaji wengine mnivumilie. Dalili zikishaonekana kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Kabla ya dalili, karibu kila mtu anaokolewa. Kwa hiyo akimng'ata kijana, au hata akimparura na kumlamba penye kidonda, aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kwa saa, si kwa makadirio, kisha moja kwa moja hospitali, Bombo pale, akapate sindano na amalize zote alizopangiwa. Asifunge kidonda kwa majivu, asipake mafuta ya taa, asingoje kuona mbwa atafanyaje. Mbwa mwenyewe afungwe na aangaliwe siku kumi. Tena kijana akiwa na nafasi aulize hospitali kuhusu chanjo ya kujikinga kabla, kwa sababu sasa ni mtu wa kazi hiyo. Yule kijana wa maziwa alitibiwa? Ukikutana na mzee muulize hilo. Jibu lake litakwambia yeye ni mtu wa namna gani.

Na mbwa wa mzee asilishwe na mgeni siku ya safari. Kijana aende mara nne tano mzee akiwepo, atoe chakula yeye mwenyewe mbele ya mzee, mpaka mbwa amwone ni wa nyumbani. Akiendelea kumkoromea, mwambieni mzee hapana, kwa heshima zote.

Wa tatu, yule wa miezi minne, kataa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na mbwa huwezi kumpa jembe. Mji wetu tumeuita wenyewe waja leo waondoka leo, na bomba la kutoka Hoima mpaka Chongoleani, kilomita 1,443, limeleta waja wengi wazuri na limewaondoa wengi vile vile. Pesa ya simu mwezi wa kwanza itakuja. Wa pili itachelewa. Wa tatu simu haipatikani, na wewe una mbwa. Huwezi kumtupa: kuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na hata isingekuwepo, ungemtupaje? Simsemi huyo kijana vibaya, pengine ni mwaminifu. Mwambie amtafutie mbwa mlezi wa kudumu kabla hajapanda ndege, na mjulishe kwa yule mwalimu, wageni wanajuana.

Bei. Nyumba yenye mbwa mmoja au wawili, kijana akilala huko huko, usiende chini ya 15,000 kwa siku. Akienda asubuhi na jioni tu kwa baiskeli, 10,000. Familia ya mhandisi kwa siku ishirini ni 300,000. Mpe kijana nusu, 150,000, usimpunje kwa sababu ni mpwa. Toa 20,000 ya sabuni, dawa ya kuoshea banda, vocha na pancha. Unabaki na 130,000 ambazo umezipata huku vitumbua vyako 100 vinatoka kila asubuhi. Mzee atakupa 20,000 au 30,000 kwa mwezi. Si utajiri. Februari na Machi pengine hutapata mteja hata mmoja, ndiyo maana chuma cha vitumbua hakizimwi.

Nusu ya malipo ije kabla ya safari. Chakula ni cha mwenye mbwa na kiwe kilekile anachokula, kwa kuwa kumbadilishia ghafla ni kuharisha. Andikeni ukurasa mmoja, Kiswahili cha kawaida: siku ya kuondoka na ya kurudi, simu ya daktari wa mifugo wao, kiasi gani cha matibabu unaruhusiwa kutumia bila kuuliza, na jina la mtu aliyepo Tanga atakayemchukua mbwa mwenyewe akichelewa. Hicho cha mwisho wasipokijaza, usisaini. Kila jioni kijana atume picha ya mbwa akila. Picha moja, si kumi.

Kibali: anza kwa mtendaji wa mtaa na afisa mifugo wa kata, wakufahamu. TIN, ile namba ya mlipakodi, unaipata TRA bila malipo, kisha ofisi ya biashara ya halmashauri ya jiji wakwambie leseni gani inakuhusu. Nenda mwenyewe, usimtume mtu wa "nitakusaidia".

Kaka wa Korogwe mwambie kiwanja cha familia hakitumiki. Mjadala umekwisha.

Kuhusu Rocky: kitumbua kimoja hakikumdhuru, ingawa sukari na mafuta kila siku si chakula cha mbwa mzee, kongosho lao halipendi mafuta. Ila najua wapika vitumbua wengi Ijumaa hupika na mkate wa kumimina wakautia zabibu kavu. Huo usimpe mbwa hata kipande. Zabibu zinaweza kuua figo za mbwa, na hakuna ajuaye ni ngapi zinamtosha mbwa yupi. Vitunguu na chokoleti vivyo hivyo, na mifupa ya kuku iliyopikwa inapasuka kama vioo tumboni. Mwandikie kijana orodha hiyo aibandike ndani ya kifuniko cha kile kikapu.